Ndege Iliyofundishwa Uvivu

"Anko, umeiharibu ndege." Mpwa wangu hakuondoa hata macho kwenye kompyuta. Tulikuwa Litein, jioni, na Cessna 172 ya simuleta ilikuwa imetoka kuinuka kidogo pale Kerenga, ikaelea kimo cha mtu, ikagoma kupanda, halafu ikajibwaga kwenye majani chai. Wiki moja kabla, ndege hiyohiyo ilikuwa ikiruka kabla hajamaliza kuiongezea mafuta. Kwake yeye, ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzima.

Namwelewa. Wengi wanaotengeneza ndege za simuleta hudhani uhalisia ni kuongeza: saa zing'ae, usukani uwe mwepesi, injini ingurume. Kwa huku kwetu kwenye chai, kazi kubwa ilikuwa kupunguza.

Kerenga, kiwanja kidogo cha Kericho, kipo karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Chukua mchana wa jua, nyuzi 22. Hewa ya hapo ina kama robo tatu tu ya uzito wa hewa ya kipimo cha kawaida kule baharini, na ndege huiona kana kwamba iko futi 9,400. Injini ya Cessna 172P ina nguvu za farasi 160 na haina turbo, kwa hiyo hapo hubakiwa na 115 hivi. Bawa nalo linadai mwendo zaidi: mshale ukisoma noti 55, ndege kwa kweli inakimbia noti 63, maana kipimo kile husoma jinsi hewa inavyokipiga, si jinsi ardhi inavyopita. Yaani kazi ya kuifikisha kwenye mwendo wa kuruka imeongezeka kwa theluthi, na mfanyakazi amepungukiwa zaidi ya robo ya nguvu zake. Ndiyo maana majedwali ya kitabu cha rubani yanaonyesha mbio za kuruka zikikaribia maradufu ya zile za usawa wa bahari. Dereva yeyote aliyepandisha lori lililoshiba majani mabichi hadi kiwandani hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Sasa, kwa nini ndege yetu haikuyajua hayo? Tunatumia FlightGear, simuleta ya bure, na hesabu za mruko hufanywa na programu iitwayo JSBSim. Hii haina siri. Kila tabia ya ndege ni jedwali ndani ya faili la maandishi: bawa likiinuliwa pembe hii linabeba kiasi hiki, propela ikizunguka hivi inavuta hivi. Kupungua kwa hewa kadiri unavyopanda kumo ndani yake tayari. Kosa halikuwa kwenye anga, lilikuwa kwenye ndege yenyewe, ambayo niliipakua bure, kazi ya mtu nisiyemjua.

Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia nguvu za injini, ukate hadi ndege iwe nzito. Nilijaribu. Mbio za kuruka zikawa sawa, lakini mwendo wa safari ukaanguka mno. Nikarudisha kila kitu, nikaanza na jaribio ambalo injini haina la kusema.

Nilipanda juu ya Bomet, nikaelekea kaskazini, nikazima injini na kushika noti 65. Ndege inaposhuka bila injini, kinachosema ni uzito wake, mabawa na ukinzani wa hewa, basi. Na umbali inaoteleza kwa kila futi 1,000 hautegemei hewa ni nzito au nyepesi, kwa hiyo hata huku juu kipimo ni kilekile. Kitabu kinasema 172 huenda kama maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 inazopoteza. Yangu ilienda maili moja tu. Ilikuwa ikishuka kama jembe.

Hapo ndipo ujanja wa mtengenezaji ulipofichuka. Propela yake ilivuta kupita kiasi, na ili mwendo wa safari usizidi ule wa kitabu, akaongeza ukinzani wa hewa. Makosa mawili yanafutana kwenye noti 110, na kila anayeangalia mwendo huo anapiga makofi. Lakini ukinzani hukua kwa mraba wa mwendo. Ndege ikiwa bado inatambaa kiwanjani, ukinzani ule wa ziada ni kama haupo, ila propela iliyovimba ipo na inavuta kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana iliruka kama panzi.

Nikapunguza ukinzani hadi maili 1.5 ikapatikana. Mwendo wa safari, kama nilivyotarajia, ukapita kiasi. Ndipo nikaligusa jedwali la propela, safu baada ya safu, nikirudi angani baada ya kila badiliko. Badiliko moja, safari moja. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi lililokuponya.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Msuguano wake wa kubingirika ulikuwa karibu na sifuri, ndege ikiteleza kama sabuni kwenye sakafu. Kitabu kinasema kwenye nyasi kavu uongeze asilimia 15 ya mbio za ardhini. Nililinganisha asilimia hiyo kwenye usawa wa bahari, kisha nikahamia Kerenga bila kugusa kitu. Ongezeko likawa kubwa zaidi, na nadhani ni haki: nyasi hazijui ziko mlima gani, ila injini iliyodhoofika inazihisi zaidi. Kuna watakaosema nifuate asilimia 15 popote. Mimi nitafuata hesabu.

Kisha nikamnyang'anya mpwa wangu kitu alichokipenda: mchanganyiko wa hewa na mafuta unaojirekebisha wenyewe. Kitabu kinamtaka rubani, kwenye kiwanja kilicho juu ya futi 3,000, aipe injini moto wote akiwa amesimama, kisha avute kitufe chekundu polepole hadi mizunguko ifike kileleni. Asipofanya hivyo, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na nguvu zinapungua hata zaidi ya zile 115.

Hilo ndilo lililomwangusha jioni ile, pamoja na haraka. Alivuta usukani mapema mno. Karibu na ardhi bawa hupata nafuu, ardhi huizuia hewa isisukumwe chini kwa uhuru na ukinzani hupungua, na ndege huinuka kwenye mwendo ambao juu zaidi hautaibeba. Nilimwonyesha: ishushe pua, kaa chini, subiri mwendo. Jaribio la nne aliivuka mikalitusi inayopandwa kwa kuni za kiwandani, kwa upenyo mdogo.

"Bado ni mvivu," akasema.

Bado kuna mawingu. Kericho ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa zaidi na mvua ya mawe duniani, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwako ndege zilizotumwa chini ya mawingu haya kuyapulizia iodidi ya fedha ili mawe yasiharibu chai. Marubani wale waliitafuta hewa inayopanda, kwa sababu inapanda mahali maalumu, chini ya kitako cha wingu, na hapo ndipo dawa ilipohitajika. Simuleta yangu, kwa mpangilio ninaoutumia, haina mahali hapo. Mtikisiko wake ni namba za bahati nasibu zinazoitikisa ndege kila upande kwa usawa, kama matatu kwenye matuta, na saa tisa alasiri upepo wa kutoka Ziwa Victoria unapokutana na ule wa mashariki, dirishani kwetu kunanguruma na kwenye kompyuta ndege inatikisika vilevile kama asubuhi. Hilo sijaligusa.