Meazza, Fundi wa Kumngoja Kipa

Washambuliaji wengi huingiwa na haraka kipa anapotoka golini. Lango hufinyika, pembe zinapotea, na mguu hufyatua shuti kabla ya wakati. Giuseppe Meazza, mshambuliaji wa Italia, alitaka kipa atoke. Akishawapita mabeki alipunguza mwendo na kuuacha mpira uonekane uko karibu kuchukulika, kama mvuvi anayelegeza mshipi. Kipa akijitupa, Meazza aliuvuta kando na kuusindikiza kwenye lango tupu. Waitalia waliliona goli la namna hiyo mara nyingi hadi wakalipa jina lake.

Ugumu wa mbinu hiyo hauonekani haraka. Mpiga shuti anaamua mwenyewe. Anayengoja amemwachia mpinzani aamue kwanza, na kwa sababu hajui kipa ataangukia upande gani, lazima mguu wa kulia na wa kushoto iwe na adabu sawa. Miguu ya namna hiyo hutengenezwa.

Meazza alizaliwa Milano mwaka 1910. Baba yake alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mama yake aliuza matunda sokoni. AC Milan walimwona mwembamba mno wakamkataa. Inter wakamchukua akiwa kijana mdogo. Huko alimkuta kocha kutoka Hungaria, Árpád Weisz, na inasimuliwa kwamba Weisz alimweka mbele ya ukuta apige mpira na kurudia mpaka mguu wa kushoto ukatii. Weisz alikuwa Myahudi. Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zilimfukuza Italia, na mwaka 1944 akafia Auschwitz. Huona uchungu ninaposoma sifa za Meazza zisizomtaja mtu huyu.

Matunda ya ukuta ule yalionekana mapema. Katika msimu wa 1929/30, Serie A ilipochezwa kwa mara ya kwanza kama ligi moja ya taifa, Meazza alifunga magoli 31 na klabu yake ikatwaa ubingwa. Alikuwa na umri wa miaka 19. Timu ya taifa aliifungia magoli 33 katika mechi 53, akabeba Kombe la Dunia mwaka 1934 na tena 1938 akiwa nahodha. Katika nusu fainali ya 1938 dhidi ya Brazil, mjini Marseille, mpira wa kiuno wa bukta yake ulikatika alipokwenda kupiga penalti. Aliishika bukta kwa mkono na kumfunga kipa Walter. Ninachokipenda hapo ni utulivu, uleule wa kungoja.

Kisha damu ikaganda katika mguu wake wa kushoto, ikamweka nje ya uwanja kwa muda mrefu. Alirudi akachezea Milan, Juventus, Varese na Atalanta, lakini kasi haikuwa ileile. Mwaka 1946 alirejea Inter akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Baadaye alifundisha Beşiktaş ya Istanbul, akarudi kufundisha Italia, na hakuwahi kutwaa ubingwa wa Serie A akiwa kwenye benchi. Wengi huishia hapo wakasema ukocha ulimshinda. Siwaungi mkono, maana ufundi wake haukuwa wa kuchorwa ubaoni mbele ya watu wazima. Ulitaka mtoto, mpira na muda mwingi.

Muda huo aliupata kwa vijana wa Inter. Miongoni mwao alikuwa Sandro Mazzola, aliyempoteza baba yake, Valentino, katika ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Meazza, naye yatima wa baba, alimlea kimpira mpaka akaiva. Mwaka 1964, mjini Vienna, Inter waliifunga Real Madrid 3-1 katika fainali ya Kombe la Ulaya, na magoli mawili yalikuwa ya Sandro Mazzola.