"Siri" Si "Stara": Istilahi za Mwili katika Mafunzo ya Watoto wa Chuoni

Huenda wasomaji wengine wakashangaa kuona kurasa za istilahi zikijishughulisha na jambo lisemwalo kwa kunong'ona. Hata hivyo, jambo lenyewe ni la istilahi tangu mwanzo. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2009, uliorekebishwa mwaka 2018, unagawa mafunzo ya mwili na ujinsia kwa kufuata umri, na kundi lake la kwanza ni la watoto wa miaka 5 hadi 8. Wanaoutaja kwa Kiswahili aghalabu huyaita mafunzo hayo "elimu ya ngono". Hapo mjadala huwa umekwisha kabla haujaanza, kwani ni mzazi gani atakayeridhia mwanawe wa miaka sita afunzwe ngono?

Neno hilo zamani lilikuwa na maana ya zamu ya mke kulala na mumewe katika nyumba ya wake wengi, na shina lake ni la kulala tu, kama Wayao wasemavyo "kugona". Leo limebaki na tendo peke yake. Mfasiri anayelitumia kwa dhana inayokusanya majina ya viungo, usafi, heshima na usalama wa mtoto amekosa kipimo. "Jinsia" nayo imekwisha kulemewa: mara ni maumbile ya kiume na ya kike, mara ni nafasi ya mwanamke na mwanamume katika jamii.

Kosa hili linaumiza zaidi katika vyuo vya Kurani vya pwani, kwa sababu huko mafunzo haya si mageni hata kidogo. Safina, kitabu kidogo cha fikihi ambacho watoto wengi huanza nacho, kinataja dalili tatu za kubaleghe, na mbili kati yake huweza kutokea tangu umri wa miaka tisa. Kinataja pia sababu sita za kuoga josho la wajibu, zikiwamo kuingiliana, kutokwa na manii, hedhi na nifasi. Mtoto wa miaka minane huzikariri zote kwa sauti, wala hajui hata moja ni kitu gani. Maneno ya watu wazima ameyapata. Maneno ya umri wake hakupewa. Atakapovunja ungo, msichana atapata somo wa kumfunza kwa lugha ya mwari. Kabla ya hapo ni kimya. (Wakristo nao, ambao Biblia yao hutumia kitenzi "kujua" kwa tendo la ndoa, wana mzigo wao, sitauingilia hapa.)

Kimya hicho kimezibwa kwa istilahi mbili. Ya kwanza ni "tupu", ya mbele na ya nyuma, itumikayo katika masomo ya udhu na kustanji. Kwa hukumu ya udhu inatosha kabisa. Lakini haitofautishi mvulana na msichana, na mtoto aliyeumia hawezi kumweleza mganga kwayo ni wapi hasa panapouma. Nyumbani hali ni mbaya zaidi: mtoto aliyefunzwa kuita kiungo chake "dudu", akisema dudu limeshikwa, mama atatafuta mdudu.

Ya pili, na hii ndiyo ninayoilaumu hasa, ni "sehemu za siri". Siri ni jambo lisilosemwa. Mtu mwovu amshikaye mtoto humwambia maneno hayo hayo: hii ni siri yetu. Basi tunamfunza mtoto kwamba mwili wake ni siri, kisha tunamtaka aseme alipoguswa! Istilahi yenyewe imemfunga kinywa.

Kurani, katika Sura ya Nur, aya ya 58, inawaagiza watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Kiarabu kinaziita nyakati hizo kwa neno lile lile la "aura" litumiwalo kwa mwili usiopasa kuonekana. Aya inayofuata inawabadilishia agizo wakishabaleghe. Huku ni kufunza kwa umri, na kinachohifadhiwa hapo ni jicho, si ulimi.

Kiswahili kina neno la maana hiyo: stara. Kilicho cha stara hufunikwa, lakini hutajwa panapo haja. Napendekeza "viungo vya stara" kwa jumla, na chini yake "uume", "uke", "matiti" na "makalio", kama vitabu vya sayansi vinavyosema. Najua watakaosema kwamba "uume" na "uke" nazo ni tafsida, maana "uke" ni pia hali ya kuwa mke. Ni kweli, lakini tafsida inayoeleweka na daktari, mwalimu na hakimu kwa pamoja si ya kutupwa. Kwa mafunzo yenyewe, "elimu ya mwili na stara" ingefaa kwa watoto wa umri huo, na "ujinsia" ingojee madarasa ya juu.

Istilahi hizi zisipitishwe na kamati ya wanaisimu peke yao. Zipelekwe kwanza kwa walimu wa chuo, na walimu wanawake wasikilizwe kabla ya wengine, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa na watoto.