Kagua Pini Kwanza

Ukienda kununua fyekeo la trekta ndogo, rangi iache. Chuchumaa utazame pini zinapoingia. Tundu lililokuwa duara likawa na umbo la yai limevutwa muda mrefu likicheza, na kwenye mteremko kifaa hicho kitayumba kila unapokata kona.

Miteremko ninayoisema ni ya Cedar Hill, kusini magharibi mwa Dallas, palipoinuka mawe ya chokaa. Houston ni tambarare. Anayetaka vilima huendesha gari hadi Brenham. Kote huko kazi hufuata majira. Baada ya mvua za Aprili na Mei nyasi hupanda kiunoni, nawe unahitaji fyekeo. Agosti udongo mweusi wa Dallas hupasuka nyufa za kuingia kiganja, na njia hudai bamba la kusawazisha. Baridi ikija ni zamu ya keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo. Utafunga na kufungua mara nyingi, kwa hiyo mimi naanza kupima kifaa pale kinapofungwa.

Mikono mitatu ya nyuma ya trekta tunayoitumia leo imetokana na mfumo ambao Harry Ferguson wa Ireland aliusajili mwaka 1926. Trekta nyingi ndogo hutumia pini za milimita 22 kwenye mikono ya chini na 19 juu. Beba kipimo chako.

Kisha nenda kwenye shafti inayozungusha fyekeo, mizunguko 540 kwa dakika. Kava lake la plastiki liwe zima, na ukilishika kwa mkono injini ikiwa imezimwa, lizunguke peke yake bila shafti. Pale shafti inapoungana na gia boksi, mafyekeo mengi yana boliti laini iliyowekwa makusudi ikatike blade zikigonga jiwe. Isome alama za kichwani. Mwenye kifaa akiwa ameweka boliti ngumu ili asisumbuke, kila jiwe la chokaa limepiga gia moja kwa moja, na mafuta yanayolowesha sili ya chini ndiyo matokeo yake. Kifaa cha namna hiyo sikichukui hata kwa nusu bei.

Tazama pia palipochomelewa: mchomeleo mzuri una viwimbi vilivyolaliana sawasawa, bila vitundu.

Kubadilisha vifaa kufanyike mahali tambarare tu, injini imezimwa. Breki za trekta nyingi ndogo ziko magurudumu ya nyuma: ukitoa fyekeo ukashuka kilima na ndoo ya mbele imejaa udongo, nyuma hakuna uzito, magurudumu huinuka na breki hazishiki kitu. Funga bamba zito kwanza, ndoo iwe chini karibu na ardhi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akiweke kifaa chini, ukifunge mwenyewe. Mikono ya chini ikiingia bila nyundo na wa juu ukarefuka kwa nguvu za vidole, toa pesa.