Istilahi "Mapitio" na "Masharti Hasi"

Julai 2017 Bunge lilipitisha mjini Dodoma sheria ijulikanayo kwa Kiswahili kuwa ni ya Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi katika mikataba ya maliasili. Sheria yenyewe ni nzito; maneno yaliyoibeba, kwa maoni yetu, ni mepesi mno.

Tuanze na "hasi". Neno hili tumelizoea katika hisabati na umeme, ambako halimlaumu mtu yeyote. Sheria, kinyume chake, inakusudia sharti linaloinyonya nchi kiasi cha kuchukiza dhamiri. (Mfugaji wa Mpwapwa naye, asikiapo "hasi", huenda akamkumbuka kwanza maksai wake.) "Masharti dhalimu" yangefaa zaidi, kwa kuwa dhuluma haikosi mdhulumu, na huyo ndiye anayetafutwa na sheria.

"Majadiliano" yamepungukiwa na "upya". Hilo ni dogo. Linalotusumbua hasa ni "mapitio". Karani hupitia jalada, mwalimu hupitia somo, na apitiaye halazimiki kuamua neno. Kumbe chini ya sheria hii Bunge laweza kuiagiza Serikali ijadili upya sharti baya, na upande wa pili usipokubali, sharti hilo huhesabiwa kuwa limefutwa.

Kasoro hiyohiyo huonekana katika tafsiri zihusuzo dola kuchunguza wageni wanunuapo makampuni ya nchini. Marekani ina kamati ya kazi hiyo tangu 1975. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2021. Mfasiri akiandika "mapitio ya usalama wa taifa", msomaji wa Tanzania hudhani Idara ya Usalama wa Taifa inasoma majalada.

Kwetu shauri lililovuma lilihusu ushindani, si usalama. Mwaka 2021 Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ya Ujerumani, ilitaka kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume ya Ushindani ilikubali mwaka 2022. Mwaka huohuo Baraza la Ushindani likatengua kibali hicho. Mauzo yalikamilika mwaka 2023. Je, mfanyakazi wa kiwanda aliyeambiwa kwamba mauzo yamo katika "mapitio" angetambua kuwa yaweza kuzuiwa kabisa?

Twapendekeza "uchunguzi wa idhini kwa ajili ya usalama wa nchi". "Upekuzi" tuliufikiria pia, lakini watumishi wa umma wameshaujua katika fomu zao. Na ubaki huko.