Gosford Park: Nani Mhusika Mdogo?

Mwalimu mwenzangu, umesahihisha majibu mangapi ya fasihi ambamo mtumishi wa nyumbani ametupwa katika aya ya mwisho, miongoni mwa “wahusika wadogo”? Mtahiniwa amezoeshwa kuhesabu kurasa anazojitokeza mhusika na maneno anayoyasema, kisha kumpa cheo. Filamu ya Gosford Park (2001) inakivuruga kipimo hicho, na ndiyo sababu ninakuhimiza uitazame pamoja na wanafunzi wako.

Filamu hii iliongozwa na Robert Altman, Mmarekani, na mswada wake ukaandikwa na Julian Fellowes, Mwingereza aliyetuzwa Oscar kwa mswada huo mwaka wa 2002. Mandhari ni jumba la kifahari mashambani Uingereza, Novemba 1932. Sir William McCordle amewaalika wageni kuwinda ndege. Kila mgeni mwenye hadhi amefika na mtumishi wake. Usiku mmoja Sir William anapatikana amekufa katika chumba chake cha kusomea, kisu kifuani.

Usikimbilie swali la nani aliyeua. Tazama kwanza jinsi Altman anavyotumia jicho la kamera. Alijiwekea sharti kwamba tusiwaone mabwana orofa ya juu ila pale ambapo mtumishi yumo chumbani, au anaingia. Mtumishi anamimina mvinyo, anakunja shuka, anasimama ukutani kimya. Hasemi lolote, lakini bila yeye hatungeona chochote. Mwambie mtahiniwa ahesabu maneno ya mtumishi huyo, kisha umuulize ni nani anayeibeba hadithi.

Lipo pia suala la majina. Huko chini, watumishi wageni huitwa kwa majina ya mabwana zao. Mary Maceachran, msichana anayemhudumia Bi. Constance Trentham, huitwa Trentham; Robert Parks huitwa Stockbridge. Hata mezani hukaa kwa kufuata vyeo vya mabwana zao. Hapa uhakiki wa majina unatoka nje ya yale mazoea yetu ya kusema kwamba jina fulani “linaafiki tabia”. Jina linaweza pia kuwa chombo cha kumfuta mtu.

Sasa tuje kwenye kinaya, istilahi ambayo watahiniwa wengi huichanganya na kejeli. Inspekta Thompson anafika kupeleleza, na papo hapo anaamua kwamba watumishi hawana haja ya kuhojiwa kwa kina. Anawataka watu waliokuwa na uhusiano wa kweli na marehemu. Kumbe uhusiano huo uko huko chini! Sir William alikuwa na viwanda, na aliwaharibia maisha wasichana waliomfanyia kazi. Watoto waliozaliwa walipelekwa katika nyumba za mayatima, mama zao wakiambiwa kuwa wamepata wazazi wema. Robert ni mmoja wa watoto hao, na amekuja kumuua babake. Bi. Wilson, msimamizi wa watumishi wa kike, anatambua kwamba kijana huyu ni mwanawe na kwamba ana nia ya kuua. Anamtangulia: anampa Sir William sumu, ili kisu cha Robert kimkute maiti. Mwana anaponea kuwa muuaji, wala hajui ni nani aliyemwokoa. Bi. Wilson anaeleza kwamba mtumishi hodari hujua watu watakachohitaji kabla wao wenyewe hawajajua. Ustadi ule ule wa kazi ndio uliomwezesha kuua. Sijui mfano bora zaidi wa sifa ya mhusika inayosukuma msuko.

Tahadhari moja ya msamiati. Wanafunzi wetu hupenda neno kijakazi, na waliosoma Chozi la Heri wanamkumbuka Sauna. Asili ya neno hilo, hata hivyo, ni utumwa. Watumishi wa Gosford Park hulipwa mshahara na wanaweza kuondoka, ingawa kuondoka bila barua nzuri ya bwana ni kujifungia milango ya kazi nyingine. Elsie anafukuzwa kwa sababu ya sentensi moja tu aliyoropoka mezani kumtetea Sir William, aliyekuwa mpenzi wake wa siri. Andika mtumishi, na hoja yako itasimama imara.

Filamu ina dosari. Wahusika ni wengi mno, wanazungumza kwa pamoja, na atakayeitazama mara moja tu atapotea. Inspekta naye amefanywa mjinga kupita kiasi. Angekuwa mwerevu na bado asiwaone watumishi, kinaya kingeuma zaidi. Lakini tazama Ivor Novello anapoimba kwenye piano: wageni wamechoshwa, na gizani, kwenye ngazi na nyuma ya milango, watumishi wamesimama wakisikiliza kwa furaha. Mauaji yanatendeka wakati huo huo.

Mary, mtumishi mgeni kabisa katika kazi, ndiye pekee anayeufumbua ukweli wote. Anamuuliza Bi. Wilson, anajibiwa, kisha ananyamaza. Robert anaondoka bila kumjua mamake, naye Bi. Wilson analia chumbani mikononi mwa dadake, mpishi, ambaye kwa miaka mingi hawakuwa wakipatana. Mwulize mtahiniwa: kunyamaza kwa Mary ni utiifu wa mtumishi, au ni hukumu aliyoitoa mwenyewe? Aitetee hoja yake kwa mifano kutoka kwa matendo yake, si kwa cheo chake.