Mgongo Wazi: Taswira ya Mlaji katika Darwin's Nightmare

Makala hii inanuia kuchunguza namna Hubert Sauper anavyomhusisha mlaji na madhara ya mlo wake katika filamu Darwin's Nightmare (2004), iliyopigwa Mwanza. Tunashikilia kwamba filamu inafaulu kufichua yaliyo nyuma ya minofu ya sangara, lakini inamwachia mtazamaji wa Ulaya njia nyepesi ya kujitakasa. Kwa msomaji wa Asumbi, anayemjua samaki huyo kwa jina la mbuta na kumpata kutoka fuo za Homa Bay katika ziwa lilo hilo, kasoro hii inagusa chungu chake.

Mbinu kuu ya Sauper ni usambamba. Ndege zinazosafirisha minofu zinawekwa kando ya wanawake wanaoanika mabaki yenye funza. Rubani naye anasimulia silaha alizopeleka Angola na zabibu alizochukua akirejea Ulaya. Msanii hahubiri, mpangilio wenyewe ndio unaoshtaki. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sangara, mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwaponya wengine kwa fedha za kigeni, huku akichangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wa asili.

Hata hivyo, mtazamaji aliyechukizwa anaweza kuacha kununua minofu, akadhani deni limelipwa. Historia inatutahadharisha. Mwaka 1999, baada ya habari za uvuvi wa sumu, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wa Ziwa Victoria. Tahadhari ilistahili, lakini aliyelindwa alikuwa mlaji wa mbali, na hasara ikawaangukia wavuvi na wachuuzi, hata wale wasiotia sumu.

Rais Jakaya Kikwete alipoishutumu filamu hii mwaka 2006, mjadala ulizunguka mapanki, yaani mabaki ya sangara, na kama kweli ni chakula cha watu. Upande wa Kenya mabaki hayo hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Jina hili linastahili kuhakikiwa kama tungo. Lina kejeli, na kejeli yake ni ya mwenye kujua: linataja kilichobaki ili tukumbuke kilichoondolewa. Aliyelibuni aliziona sahani mbili kwa pamoja, ya minofu na ya mifupa, akauliza kimyakimya ni nani aliyegawa.

Swali hilo ndilo Sauper analolikaribia bila kulifikia. Filamu inamfanya mlaji ajiulize kama ale au asile. Mgongo wazi unamtaka aulize bei aliyolipwa mvuvi, na kwa nini mwenye ziwa anabakiziwa mifupa. Mhakiki anayeandika juu ya maadili ya ulaji hana budi kuanzia hapo, kwenye mgao, ndipo aingie katika dhamiri ya mnunuzi.