Uchungu wa Daktari Greene: Uhakiki wa Kipindi Kimoja cha ER

Tamthilia ya televisheni ya ER ilibuniwa na Michael Crichton, mwandishi aliyesomea udaktari, na ikaonyeshwa nchini Marekani kuanzia 1994 hadi 2009, jumla ya vipindi 331. Mandhari yake ni idara ya dharura ya hospitali ya umma ya kubuni mjini Chicago. Tamthilia za aina hii hulaumiwa kwamba mapenzi na ugomvi wa madaktari huwafunika wagonjwa. Makala haya yanaipima lawama hiyo kwa kipindi kiitwacho “Love's Labor Lost” cha Machi 1995. Mwandishi wake, Lance Gentile, alikuwa daktari wa dharura. Yeye na mwongozaji, Mimi Leder, walitunukiwa Emmy.

Msuko ni sahili. Mjamzito anafika na mumewe akilalamikia maumivu ya mkojo. Daktari Mark Greene anaamua kuwa ni maambukizi ya kibofu na kumruhusu aende. Muda si muda anarudishwa akiwa na kifafa cha mimba. Tangu hapo mambo yanaharibika hatua kwa hatua: daktari bingwa wa uzazi anachelewa, mabega ya mtoto yanakwama, Greene analazimika kumpasua mama mwenyewe. Mtoto anapona, mama anafariki. Mwisho tunamwona Greene akilia peke yake katika treni.

Hapa lawama tuliyoitaja haina nguvu. Maisha binafsi ya daktari hayakupachikwa kando ya kazi ili kumburudisha mtazamaji. Yanazaliwa na kazi yenyewe. Greene si mzembe wala si shujaa. Ni mtu mwema aliyeridhika mapema na jibu lililo karibu, na mwandishi hamtetei wala hamhukumu.

Kwetu sisi walimu na wanafunzi wa lugha, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza ni anwani. Imetoholewa kutoka tamthilia ya Shakespeare, nayo inachezea neno la Kiingereza lenye maana ya kazi na vilevile ya uchungu wa kuzaa. Mfasiri akitafuta neno kama hilo kwa Kiswahili atalikosa, lakini atapata jingine lisilo duni: “uchungu”. Ni uchungu wa mama anayezaa, ni uchungu wa mfiwa, na ni uchungu wa daktari ndani ya treni.

Pili ni jina la ugonjwa. “Kifafa cha mimba” ni istilahi nzuri kwa kuwa inaeleweka hata na asiyesoma. Hata hivyo, inautaja ugonjwa kwa dalili inayochelewa kuonekana. Kabla ya kifafa huweza kutangulia shinikizo la juu la damu, protini katika mkojo, kuumwa kichwa na kuvimba uso au mikono. Anayesubiri kifafa ndipo aamini jina atakuwa amechelewa, kama Greene. Kwa hiyo, anayefundisha Kiswahili kwa wauguzi asiishie kwenye jina. Afundishe pia sentensi za kuuliza: “Mama, kichwa kinakuuma? Unaona maluweluwe?”

ER haikukosa udhaifu. Mwaka 2003 iliwapeleka madaktari Carter na Kovač nchini Kongo, katika kipindi kilichopewa jina la “Kisangani”. Kutaja vita ambavyo televisheni nyingi za Magharibi zilivipuuza ni jambo la kusifiwa. Lakini Kisangani, mji ambao Kiswahili na Lingala husikika sokoni, umekuwa hasa kioo cha Carter kujitazamia. Mgonjwa wa Chicago alipewa mume, mzaha na matumaini kabla ya kufa; wagonjwa wa Kisangani hawakupewa nafasi kama hiyo. Hapo ndipo lawama ya madaktari kuwafunika wagonjwa inapopata mashiko.

Tunapendekeza zoezi kwa darasa la utunzi: wanafunzi waandike kwa Kiswahili mazungumzo ya daktari anayemweleza mume kwamba mkewe hayupo tena. Je, ataanza na pole au na habari? Atasema “amefariki”, “amekufa” au “tumempoteza”? Atamwitaje mfiwa asiyemjua: ndugu, bwana, au baba? Atakayeyajibu maswali haya vizuri atakuwa amejifunza rejista na adabu ya lugha kwa pamoja, na huenda siku moja akatuandikia tamthilia ya hospitali zetu wenyewe.